Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kitenzi Kinapofuata Kihusishi katika Kiingereza

Ukurasa huu umeandikiwa watu wa Lamu wanaokitumia Kiingereza kila siku na wanataka kukitumia sawasawa: manahodha wanaovusha wageni kati ya Mokowe, Manda na Shela, waongoza watalii wa mji wa kale, wahudumu wa nyumba za wageni, na wanafunzi wanaojiandaa kwa KCSE, ambayo karatasi yake ya pili ya Kiingereza ina sehemu ya sarufi. Maswali ni ya wanaojifunza, nami ninayajibu kama ninavyoyajibu darasani. Mifano mingi ni ya hapa kwetu, kwa sababu sentensi utakayoihitaji kesho gatini ndiyo inayokaa kichwani.

Kanuni yenyewe ni ipi?

Kitenzi kikija baada ya kihusishi, huchukua umbo lenye "-ing". Vihusishi ni maneno kama "in", "on", "at", "of", "for", "by", "about", "from", "without", "before", "after", "despite" na "instead of". Husemwa hivi:

"Thank you for waiting." Asante kwa kusubiri.
"He left without paying." Aliondoka bila kulipa.
"Matondoni is known for building dhows." Matondoni yajulikana kwa kuunda majahazi.

Si "for wait", si "without to pay", wala si "for to build". Hiyo "for to" ilikuwako katika Kiingereza cha kale, lakini katika Kiingereza sanifu cha leo haimo, na ukiiandika kwenye mtihani itahesabiwa kosa.

Sababu yake ni kwamba kihusishi hutaka nomino mbele yake. Twasema "Thank you for the tea", na "the tea" ni nomino. Sasa ukitaka kuweka kitendo mahali palepale pa chai, lazima kitendo hicho kivae vazi la nomino, na vazi lenyewe katika Kiingereza ni "-ing". Kinabaki na nguvu zake za kitenzi: kinaweza kubeba yambwa na kielezi, kama katika "by speaking English slowly", kwa kuzungumza Kiingereza polepole.

Mswahili asiione kanuni hii kuwa ngeni. Sisi nasi hatusemi "bila alilipa" wala "baada ya tulikula". Twasema "bila kulipa", "baada ya kula", "kwa kusubiri". Kitenzi kikifuata "bila" au "ya" au "kwa" twakigeuza kitenzi-jina bila hata kufikiri. Kanuni unayo tayari, na kinachobaki ni kujua inavyovaliwa upande wa pili.

Ikiwa kanuni tunayo, mbona tunakosea sana?

Kwa sababu "ku-" yetu hufanya peke yake kazi ambayo Kiingereza kimewagawia wawili. "Nataka kusafiri" ni "I want to travel". "Kabla ya kusafiri" ni "before travelling". Kiswahili ni kilekile, "kusafiri", lakini Kiingereza kimebadilika. Na shuleni tangu darasa la chini mtoto huandikishwa orodha: kula, "to eat", kulala, "to sleep", kusafiri, "to travel". Orodha hiyo huganda. Akikua akataka kusema "baada ya kula", ulimi unamtoa "after to eat".

Dawa ni kubadilisha swali unalojiuliza. Usijiulize "ku- ni nini kwa Kiingereza?" Jiulize: "neno lililotangulia ni lipi?" Likiwa kihusishi, andika "-ing" usigeuke nyuma.

Kuna mtego mwingine ndani ya huu, na ndio unaowanasa hata walio hodari. Mara nyingi Kiswahili hakina kihusishi mahali ambapo Kiingereza kinakitaka, kwa hivyo huoni onyo lolote. Tazama hizi:

"Nimechoka kusubiri": "I am tired of waiting".
"Nafikiria kuhamia Malindi": "I am thinking of moving to Malindi".
"Alisisitiza kulipa": "He insisted on paying".
"Upepo ulituzuia kuvuka": "The wind prevented us from crossing".
"Alifaulu kupata kazi": "She succeeded in getting a job".

Katika zote hizo Kiswahili kimetoka kwenye kitenzi cha kwanza moja kwa moja hadi "ku-". Kiingereza kimepita kwenye daraja: "of", "on", "from", "in". Hakuna njia ya mkato hapa. Usijifunze "insist" peke yake, jifunze "insist on". Usijifunze "tired", jifunze "tired of". Andika kwenye daftari neno pamoja na kihusishi chake, na baada yake mfano mmoja wenye "-ing".

Mwalimu, si tulifundishwa kwamba baada ya "to" kitenzi hakibadiliki? Mbona barua nzuri huandikwa "I look forward to hearing from you"?

Mlifundishwa kweli, lakini nusu. Kuna "to" mbili katika Kiingereza, na zimefanana kwa sura tu.

Ya kwanza ni ile ya "I want to go". Hiyo ni alama ya kitenzi, kama "ku-" yetu, na baada yake kitenzi hukaa kitupu. Ya pili ni kihusishi kamili, ile ya "I am going to Shela". Hii hutaka nomino, kwa hivyo kitenzi kikija kitavaa "-ing".

Kuzitenganisha ni rahisi. Ondoa kitenzi, weka "it" mahali pake. "I look forward to it": sentensi imesimama, basi "to" hiyo ni kihusishi, na utaandika "hearing". "I want to it": imeanguka, basi "to" ni alama ya kitenzi, na utaandika "go". Jaribio hili ningependa kila mtahiniwa aingie nalo chumbani.

Semi zenye "to" ya kihusishi si nyingi sana, na zinazokutana na watu wa kazi zetu ni hizi: "look forward to", "be used to", "get used to", "object to", "be opposed to", "be committed to", "in addition to", "when it comes to". Zikariri. "We are committed to keeping the beach clean." "In addition to cooking, she manages the house." "When it comes to sailing, ask the old men."

Barua ya kuomba kazi hotelini ikimalizika na "I look forward to hear from you", msomaji mwenye jicho la lugha ataliona kosa hilo katika mstari wa mwisho kabisa, pale ambapo ungependa abaki na picha nzuri yako.

"I used to sail" na "I am used to sailing" zina tofauti gani?

Kubwa mno, na nahodha akizichanganya mgeni ataelewa kinyume.

"I used to sail at night" maana yake zamani nilikuwa nikisafiri usiku, na sasa nimeacha. "I am used to sailing at night" maana yake nimezoea kusafiri usiku, sioni tabu. Mgeni anayeuliza kama ni salama kurudi Shela baada ya magharibi anahitaji jibu la pili. Ukimpa la kwanza, atadhani umeacha kazi hiyo miaka iliyopita.

Katika la kwanza, "used to" kwa pamoja ni kama kitenzi kisaidizi cha mazoea ya zamani, na kitenzi kinachofuata ni kitupu. Katika la pili, "used" ni kivumishi chenye maana ya aliyezoea, na "to" ni kihusishi. Fanya jaribio la "it": "I am used to it" husemwa kila siku.

Kuna la tatu, linalosahauliwa: "This rope is used to tie the boat", kamba hii hutumika kufungia chombo. Hapa "used" ni "kutumika", kauli ya kutendwa ya "use", na "to" ni alama ya kitenzi. Hata matamshi yametengana: katika "is used to tie" ile "s" husikika kama "z", na katika mawili ya mwanzo husikika kama "s".

Angalizo moja: unapozungumzia kuzoea, kitenzi "be" hakiachwi. "I used to waking up early" haina maana yoyote. Ni "I am used to waking up early", au kama bado unazoea, "I am getting used to waking up early".

Nikitaka kusema "kabla sijala" niandike "before I have not eaten"?

Hapana, na swali hili nalipenda kwa sababu halimo katika vitabu vingi vya Kiingereza. Vitabu hivyo haviandikwi kwa ajili ya Mswahili.

Sisi baada ya "kabla" tuna njia mbili. Twaweza kusema "kabla ya kula", au twaweza kusema "kabla sijala", kwa kikanushi chenye "-ja-". Kiingereza hakikanushi baada ya "before". Kitendo kinasemwa kwa uyakinishi, hata kama wakati huo kilikuwa hakijatokea. "Nilinawa mikono kabla sijala" ni "I washed my hands before eating" au "I washed my hands before I ate". Ukitia "not", umeharibu.

Na hapo utaona jambo lingine: "before", "after" na "since" zinaweza kufuatwa na "-ing" au na sentensi nzima yenye kiima chake. "After eating" ni sahihi, "after we ate" ni sahihi pia. Katika la pili neno "after" linafanya kazi ya kiunganishi. Kisichokubalika ni mchanganyiko, "after we eating".

Waongoza watalii wanaweza kuzitumia hizi tangu leo. "Before becoming a museum, Lamu Fort was used as a prison." "Since becoming a World Heritage Site in 2001, the old town has received visitors from many countries." Ya kwanza inaieleza ngome yetu, ya pili inautaja mwaka ambao UNESCO iliuingiza mji wa kale katika orodha ya turathi za dunia, na zote mbili zimenyooka kisarufi.

"Samahani kwa kutokuja" nitaisemaje?

"I am sorry for not coming." "Kuto-" yetu inageuka kuwa "not" iliyotangulia "-ing": "kutolipa" ni "not paying", "kutojua" ni "not knowing". Usiseme "for don't come" wala "for to not come".

Kauli ya kutendwa nayo ina umbo lake: "without being told", bila kuambiwa. "He helped us without being asked." Na ukitaka kuonyesha kwamba kitendo kilikwisha kabla ya kingine, kuna "having": "She was praised for having saved the child." Hili la mwisho ni la maandishi zaidi. Katika mazungumzo "for saving" latosha.

Nimekuja kuona ngome. Je, ni "I came for seeing the fort"?

Ni "I came to see the fort". Kusudi la mtu huenda na "to", na kwa lugha rasmi "in order to". Wengi hufika kwenye "for" kwa kupitia "kwa ajili ya", na hapo ndipo wanapopotea.

"For" yenye "-ing" ina kazi mbili. Ya kwanza ni kueleza kazi ya kifaa. Kiswahili chetu kimeiweka kazi hii ndani ya kitenzi chenyewe, katika kauli ya kutendea: kisu cha kukatia kamba, wavu wa kuvulia kamba, mafuta ya kupikia. Ukisikia kauli hiyo ikikutajia kifaa, "for" na "-ing" zinafaa: "a knife for cutting rope", "a net for catching prawns", "oil for cooking". Ya pili ni kutaja sababu ya jambo lililokwisha kutokea: "He was thanked for returning the phone", alishukuriwa kwa kuirudisha simu. Nje ya hapo, kama wewe ndiwe unayekusudia kufanya, tumia "to".

Na "by" je?

"By" yenye "-ing" hujibu swali la njia: umefanyaje? "You learn a language by using it." Kwetu ni "kwa ku-". Mfano mzuri ni mtepe, kile chombo cha kale cha pwani yetu ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigwa misumari. Kwa sentensi mbili unamweleza mgeni na kuzitumia "by", "without" na "instead of" zote: "The mtepe was built by sewing planks together instead of nailing them. People crossed the sea in it without using any iron nails." Jaribu kuzisema kwa sauti mpaka zitoke bila kukwama.

Kuna mahali kanuni haifuatwi?

Zipo sehemu chache, nazo ni zilezile kila siku.

"About to" ni msemo wenye maana ya "karibu": "The boat is about to leave", chombo chaondoka sasa hivi. Usiuchanganye na "about" ya kawaida, kama katika "We talked about leaving", tulizungumza juu ya kuondoka. "How about" inafuata kanuni: "How about going to Manda tomorrow?"

"But" na "except" zikiwa na maana ya "isipokuwa" huweza kufuatwa na kitenzi kitupu: "We did nothing but wait", hatukufanya lolote ila kusubiri. Na katika "We had no choice but to wait", kuna "to".

Maneno ya kuulizia nayo hubeba "to" yao hata yakitanguliwa na kihusishi: "advice on how to cook biriani", "a talk about where to sleep". Hapa kihusishi hakishiki kitenzi, kinashika kifungu kizima, "how to cook" au "where to sleep", na kifungu hicho ndicho kilichokaa mahali pa nomino.

Mwanafunzi wangu ameandika: "After eating breakfast, the donkey carried our bags." Umbo la kitenzi ni sahihi. Kuna kosa?

Lipo, na umbo la kitenzi halina lawama. Sentensi hiyo inasema punda ndiye aliyestaftahi.

Kitenzi chenye "-ing" hakina kiima chake, kwa hivyo msomaji hukiazima kutoka kifungu kikuu. Kiima cha kifungu kikuu ni "the donkey", basi mlaji ni punda. Sahihi: "After eating breakfast, we put our bags on the donkey." Au mpe kila mtu kiima chake: "After we had eaten breakfast, the donkey carried our bags."

Kiswahili huvumilia zaidi. "Baada ya kustaftahi, punda alibeba mizigo yetu" husemwa, na msikilizaji hukuelewa kwa muktadha. Ndiyo maana kosa hili hatulisikii masikioni mwetu. Linajitokeza zaidi katika maelezo ya safari: "On arriving at Mokowe, the bus was late" humaanisha basi ndilo lililofika. Kila ukianza sentensi kwa kihusishi na "-ing", simama baada ya mkato uulize: aliyefanya kile cha kwanza ndiye huyu ninayemtaja sasa?

Nikitaka mtendaji awe mtu mwingine?

Mweke katikati. "They insisted on our staying for lunch" ni ya maandishi rasmi; "They insisted on us staying for lunch" ndiyo utakayoisikia mitaani. Zote zakubalika. Kusema "insisted on we stay" ni kosa.

"Afraid of" au "afraid to"?

Zote zipo. "Afraid of falling" ni kuogopa jambo litakalokutokea bila hiari yako. "Afraid to jump" ni kuogopa kufanya tendo lililo mkononi mwako, na kwa hivyo hulifanyi. Mgeni aliyekaa ukingoni mwa mashua anaweza kuwa nazo zote mbili: "I am afraid of falling, so I am afraid to stand up."

"Interested" ni kama hivyo. Kuvutiwa na shughuli ni "interested in learning Swahili". Kupendezwa na habari uliyoipata au utakayoipata ni "interested to hear".

"Despite of being tired" ni sahihi?

Hapana. "Despite" haina "of". Mwenye "of" ni "in spite of". "Despite being tired, he rowed home." Kosa hili hutoka kwa kuchanganya hizo mbili, na pia kwa sababu "licha ya" yetu ina "ya".

Tahajia nazo?

Kitenzi kikiishia kwa "e" isiyotamkwa, "e" huondoka: "make, making", "write, writing". Kifupi chenye irabu moja na konsonanti moja mwishoni hurudia konsonanti: "swim, swimming", "sit, sitting", "run, running". Chenye "ie" hugeuka: "tie, tying", "lie, lying". Shule zetu hufuata tahajia ya Uingereza, kwa hivyo "travelling" ina "l" mbili. Marekani huandika moja.

Katika KCSE jambo hili huulizwaje?

Mara nyingi kwa kuandika upya sentensi bila kubadilisha maana. Unapewa "He walked away. He did not greet us." na unaambiwa utumie "without". Jibu: "He walked away without greeting us." Unapewa "Although she was ill, she sat the examination." na unaambiwa uanze na "Despite". Jibu: "Despite being ill, she sat the examination." Unapewa "As soon as we reached Lamu, we looked for a room." na agizo la kuanza na "On". Jibu: "On reaching Lamu, we looked for a room."

Chunga mambo mawili. "Without" tayari imekwisha kukanusha, kwa hivyo "without not greeting us" imegeuza maana na alama imekwenda. La pili ni mkato: kifungu chenye kihusishi kikitangulia, weka mkato kabla ya kifungu kikuu, kikija mwishoni, kama katika "without greeting us", kwa kawaida mkato hauhitajiki.